Aliyelala Nyuma ya Jiko

Usiku ule nililala na hasira. Wiki tatu nzima nilikuwa nikiandika historia ya nyumba ya mbao tunayopanga hapa Uppsala, mji wa chuo kikuu huku ughaibuni, maana baraza la mji lingekaa kesho yake kuamua kama ibomolewe. Maprofesa wanne waliowahi kuishi humo niliwapata kwenye kumbukumbu za mji. Ofisa wa baraza akanirudishia karatasi zangu. "Nyumba za maprofesa tunazo tele," akasema.

Usingizini nikasikia hodi. Nakimbilia mlango wa mbele, karatasi mkononi. Hakuna mtu, theluji tupu. Hodi tena, safari hii inatoka nyuma, jikoni. Nikafungua. Bibi yangu Mwanahawa, tuliyemzika Tanga, amesimama na kanga yake ya kazi, pekupeku juu ya theluji.

"Bibi, mbona umepita nyuma?"

"Mbele nilipita lini mimi?"

Kweli. Maisha yake yote alipika nyumbani kwa daktari mmoja, na alikuwa akiingilia uani.

Anaingia. Jiko linakuwa lile la Tanga, kisha linarudi kuwa hili, naye anakoroga chungu kilekile. Namsomea nilichoandika, haraka haraka, nataka anisifu. Hanisikilizi. Anaelekeza mwiko kwenye chumba changu, kichumba nyuma ya jiko kilichojaa kitanda tu.

"Humu alilala nani?"

"Mtumishi, nadhani."

"Nani?"

Nafunua karatasi, nafunua, wote maprofesa. Nikamkasirikia, Mungu anisamehe. Nikamwambia hayumo, hakuna aliyemwandika, sasa mimi nifanyeje?

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mjukuu wangu. Na kule kwa daktari, mimi walikuwa wakiniitaje?"

Sijui. Utoto wangu wote nilikula ukoko aliotuletea kutoka kwenye jiko lile, na sikuwahi kumuuliza neno. Niliona aibu.

"Anza na yeye," akasema, akafunika chungu.

Nikaamka kumekucha, kikao ni saa tatu. Nikawafuta maprofesa wote, nikaandika: Nyuma ya jiko la nyumba hii alilala mwanamke aliyewapikia wote. Jina lake sijalipata. Kisha nikampigia mama simu, nikamuuliza kule kazini bibi alikuwa akiitwaje.

Mama akajibu:

"Hata mimi sijui, mwanangu. Sikumuuliza."

Nikavaa viatu, nikaenda kwenye kikao cha baraza la mji na mistari yangu miwili.