Goti Lililokaguliwa Dirishani

Masinde alikuwa muunganishaji wa mabehewa katika yadi ya reli ya Nakuru, na kwa kazi hiyo goti ni roho. Unainama kati ya mabehewa mawili, unafunga mnyororo, unatoka kabla dereva hajasukuma. Lakini tangu ageuke kwa pupa akifukuza mpira katika mechi dhidi ya wapasua mbao wa Elburgon, goti lake la kulia lilijifunga likiwa limekunjwa, likangoja kunyooka siku litakapopenda lenyewe.

Daktari akasema gegedu lililo kati ya mifupa limechanika. "Tutalitoa kwa kisu."

"Mungu hakuliweka pale kwa urembo, bwana daktari," Masinde akajibu, akaenda zake akichechemea.

Tumaini lake lilikuwa kwa Nabalayo, mama mkwe wake, aliyesifika Kimilili nzima kwa kuunga mifupa. Akaitwa, akaja kwa treni. Chai ilipokwisha ndipo wote walipokumbuka: mama mkwe haoni paja la mkwewe, seuze kulishika.

Basi Nabalayo akakaa nje chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo. Ndani alibaki Milcah, mke wa Masinde, na kopo la samli.

"Bonyeza kando ya goti, upande wa ndani."

"Nimebonyeza, mama."

"Amefanya nini?"

"Ameuma blanketi."

"Vizuri. Likunje, ulizungushe polepole."

Goti likalia ko! Majirani waliojifanya wanaanua nguo wakaguna kwa pamoja. Upepo wa ziwani ukapitisha vumbi la magadi juu ya mabati. Masinde alikwisha kujiona amefungwa majani yaliyotwangwa, anakunywa uji kitandani, kisu kimesahaulika.

"Milcah, mwambie mwenye mguu, ungekuwa mfupa, ingekuwa kazi yangu. Kilichochanika humo siwezi kukiunga. Aende akakatwe."

"Lakini, mama..." Masinde akaanza.

"Amesemaje?"

Milcah akamtazama mumewe. Daktari, Masinde alikwisha kumbishia, tena kwa mbwembwe. Lakini mkwe anayembishia mama aliyemzalia mke bado hajazaliwa. Masinde akafumba macho.

"Anasema asante, mama."

"Avae suruali. Tunakwenda sasa."

Wakaenda hospitalini, Masinde upande huu wa barabara, Nabalayo upande ule, amekinga uso kwa mwavuli kama heshima itakavyo. Kila Masinde alipopunguza mwendo, mwavuli ulikohoa.