Modemu Niliyoificha Sandukuni

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumatano, na mpaka leo nikiitaja naona haya hata mbele ya mama yako, ambaye anaijua yote. Kaa hapo nikusimulie. Usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha, na kisingizio nimekitafuta miaka mingi.

Mama yako ameniambia umebadilisha neno la siri la intaneti pale nyumbani ili mdogo wako asiingie. Eti anakumalizia intaneti. Nilicheka, lo, nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaacha kucheka.

Wakati ule vita vilikuwa bado havijaisha. Barabara ya kwenda Bujumbura ilifunguliwa asubuhi kwa msafara wa askari, mchana ikafungwa, na siku nyingine haikufunguliwa kabisa. Sisi hapa Rumonge, katika nyumba ya baba, tulikuwa na simu ya waya, kwa sababu baba aliuza mawese na wateja wake walikuwa mbali. Baba alikuwa na wake wawili ndani ya ua mmoja. Mama yangu, mke wa kwanza, alikaa nyumba ya mbele. Mama mdogo, Asha, alikaa nyumba ya nyuma, na jiko lilikuwa katikati. Mimi nilikuwa mtoto wa mbele, Haruna mtoto wa nyuma. Nilimzidi miaka minne, naye alinizidi akili. Hilo nalisema leo. Zamani ungenipiga nisingelisema.

Kuna ofisi moja mjini Bujumbura iliyofunga mlango kwa sababu ya vita, ikauza vitu vyake. Baba akarudi na kompyuta tatu kwenye lori la mawese, zimefunikwa turubai. Moja akanipa mimi, moja Haruna, moja akaiweka kwenye kibanda chake cha biashara pale uani. Na kwa kuwa simu ilikuwa chumbani kwangu, mimi mkubwa ndiye niliyepewa modemu, kile kisanduku kidogo kinachopiga simu kwenye intaneti. Kikianza kazi kililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ua mzima ukasikia. Nilivimba kichwa, mwanangu. Mtu akitaka kuandika imeli, sharti aje kwangu, avue viatu, asubiri.

Haruna ndiye aliyeharibu raha yangu. Alisoma kitabu fulani cha Kifaransa, akajifungia nacho wiki nzima, kisha akapitisha waya kutoka dirishani kwangu, juu ya bati la jiko, mpaka nyumba ya nyuma, na mwingine mpaka kibandani kwa baba. Kompyuta yangu ikawa ndiyo mlango: yangu inapiga simu, zile mbili zinapitia humo humo, kwa laini moja, kwa wakati mmoja. Baba alisimama kibandani anaangalia barua ya mteja inafunguka mbele yake, akapiga makofi.

"Ona mutoto huyu!" akawaambia wageni waliokuwa wanakunywa chai baada ya sala ya Ijumaa. "Simu moja, ordinateri tatu! Akili zangu amezirithi huyu."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale na birika la chai mkononi. Hakuna aliyeniangalia.

Toka siku hiyo watu wakaanza kubisha mlangoni kwangu, mlangoni kwangu mimi, wakiuliza, "Iko wapi mutandao ya Haruna?" Ya Haruna! Simu iko kwangu, modemu iko kwangu, bati la jiko lenyewe ni la mama yangu, lakini mtandao ni wa Haruna. Nikaanza kuona kurasa zangu zinafunguka polepole, nikasema wananinyonya kule nyuma. Kweli, zilipungua mwendo kidogo. Lakini mimi nilikuwa nahesabu kila sekunde, kama mtoto anayechungulia bakuli la mwenzake aone nani kapewa samaki wa mukeke mkubwa. Wahenga wamesema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa na sababu kumi, na hata moja haikuwa ya kweli.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu ubaya wangu uko hapa. Mama mdogo alikuwa na mama yake mzazi, bibi kizee wa Nyanza-Lac, aliyevuka na wakimbizi kwenda Tanzania. Alikuwa kambini kule upande wa Kigoma, na alikuwa mgonjwa. Mpwa wa mama mdogo aliishi naye, na kila alipopata nafasi ya kwenda mjini aliandika imeli kwa Haruna: leo amekula, leo amekataa uji, leo amekutaja. Simu ya ng'ambo haikuwa ya mtu wa kambini. Imeli ndiyo iliyokuwa kamba pekee kati ya mama yule na binti yake. Mimi nilijua. Nisikudanganye kwamba sikujua. Kila asubuhi mama mdogo alikuja uani akifuta mikono kwenye kitenge, anamwuliza Haruna, "Kumekuja kitu?" Nami nilikuwa namsikia.

Alhamisi moja jioni ilinyesha mvua ya radi. Ijumaa asubuhi nikachomoa modemu, nikaizungushia msuli wa zamani, nikaitia chini kabisa ya sanduku langu la nguo. Haruna alipokuja kuuliza kwa nini hapati kitu, nikamwambia, "Radi imeiunguza."

"Nipe basi niifungue, yaya, niangalie." Yaya, ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Nimempa dereva wa msafara, ameipeleka kwa fundi Bujumbura. Barabara unaijua. Tungoje."

Akaniamini. Na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba aliniamini bila hata kunitazama mara mbili. Akasema tu, "Pole, yaya," akarudi kwake. Mama mdogo akamwuliza kumekuja kitu, akamwambia mashine imepigwa na radi, avumilie. Jumamosi akauliza tena. Jumapili akauliza. Jumatatu nikaona ameacha kuuliza, anakaa tu kizingitini anaangalia ziwani, kule boti za Kigoma zinakotokea. Moyo wangu ukaniambia toa kile kitu sandukuni. Nikauambia moyo, wacha kwanza wamsahau Haruna kidogo.

Jumatano nikashindwa mwenyewe. Nilikuwa na barua zangu za mambo ya mpira, mambo ya kipuuzi, nikatamani kuzisoma. Haruna alikuwa sokoni, baba yuko bandarini. Nikasema nitapiga dakika tano tu, nizime. Nikatoa modemu, nikaichomeka. Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi! Nilisahau mambo mawili. Nilisahau jinsi inavyolia. Na nilisahau kuchomoa ule waya wa juu ya jiko. Kompyuta ya Haruna ilikuwa imeachwa inawaka, na alikuwa ameipanga ijitafutie barua yenyewe.

Mama yangu alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, anaangalia kile kisanduku kinachowakawaka taa mezani, kisha ananiangalia mimi, kisha msuli ulioanguka chini. Kabla hajafungua kinywa tukasikia ukelele kutoka nyumba ya nyuma.

Tulikimbia wote wawili. Mama mdogo alikuwa mbele ya kompyuta. Kusoma alijua, alisoma Kurani na barua. Zilikuwa zimeingia barua mbili kwa pamoja. Ya kwanza ya Jumamosi: "Shangazi, bibi amezidiwa, anakuita jina. Panda boti ya kesho, usikawie." Ya pili ya jana yake, Jumanne: "Amefariki alfajiri. Tumemzika adhuhuri. Alikuita mpaka mwisho."

Akageuka akaniona nimesimama na mama. Sijui alijuaje. Labda uso wangu ulimwambia. Hakunitukana, hakunirukia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ameniita siku ngapi, Sefu?"

Nilitaka kunyamaza, lakini alikuwa anangoja jibu, na mama yangu pia alikuwa anangoja. Nikahesabu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne.

"Nne, mama."

Akajifunika kitenge usoni. Mama yangu akamkumbatia, wake wenza wale wawili wakalia pamoja, wamekaa sakafuni. Mimi nikabaki nimesimama kama nguzo isiyo na nyumba.

Baadaye, mwenzake alipotulia, mama aliniita jikoni. Alisema taratibu, na ndiyo maana yamenikaa.

"Sefu, mimi nimegawana mume na Asha miaka zaidi ya ishirini. Mume, wewe! Na wivu nilikuwa nao, sikufichi. Siku za zamu yake, mulango ule ukifungwa, nilikuwa nauma shuka. Lakini haijatokea siku moja nikamuficha mwenzangu salamu ya kwao. Hata moja. Mimi nimegawana mume, wewe umeshindwa kugawana waya?"

Akachukua mchi akaendelea kutwanga, nami nikaona machozi yake yanaingia kwenye kinu.

Usiku wa matanga nilikiri mbele ya baba. Nikaomba nimsindikize mama mdogo kwenda kulitazama kaburi, naye mama mdogo akakubali, sijui kwa nini. Kwenye boti alikaa akinipa mgongo kutwa nzima. Kule kambini yule mpwa alitupeleka kwenye tuta la udongo, tukaomba dua. Kisha kijana yule, ambaye hakuwa anajua kitu, akanishika mikono miwili.

"Wewe ndiye Yaya Sefu? Murakoze, asante sana. Bibi alikuwa anakuombea dua."

Nikamwuliza ananijuaje. Akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa, barua za Haruna alizokuwa anazichapisha mjini ili amsomee bibi. Nikasoma. Na chini ya kila barua, kila moja, Haruna alikuwa ameandika: "Barua hii imepita kwenye mashine ya yaya wangu Sefu. Mwombeeni, bila yeye tusingesikiana."

Miezi yote ile, mwanangu. Watu walisema mutandao ya Haruna, na Haruna mwenyewe alisema ni wangu. Nilipiga magoti pale kwenye udongo mbichi, nikalia kwa sauti, mwanaume mzima wa miaka ishirini na sita. Mama mdogo alikuja akaniweka mkono kichwani. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Simama, tutachelewa boti." Kusamehe kulikuja polepole, miaka, na sikuthubutu kumharakisha.

Tuliporudi nilitaka modemu ihamie nyumba ya nyuma. Alikataa. "Acha iko pale pale," aliniambia. "Ninataka kila ukiwasha ukumbuke iko mutu upande wa pili anangoja."

Majuto ni mjukuu, husemwa, na mimi nimeishi na mjukuu huyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na wewe. Kwa hiyo shika hili. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, lakini mara nyingi anayekonda si wewe mwenye kidonda, ni mtu aliyekaa kizingitini hana habari. Kitu ulichopewa ukishike kwa ajili ya wenzako hakijawa chako peke yako kwa kuwa kiko chumbani kwako. Kabla hujamfungia mtu, uliza anangoja nini, kutoka kwa nani. Na ukisikia anasifiwa mdogo wako, mpelekee chai, ukae naye, umsikilize na yeye anavyokutaja. Huenda anakusifu mahali usipofika.

Sasa nenda kampe mdogo wako lile neno la siri. Leo, si kesho. Na Mungu akuepushe na kuulizwa siku ngapi, akujalie moyo mpana kuliko nyumba yako, na ndugu yako akikuita, akukute umefungua. Amina, mwanangu. Haya, nenda.