Mgomba Uliosimama Mbele ya Zohali

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama kwenye kibanja chetu cha Ijuganyondo na panga mkononi, nataka kukata mgomba ili nione Zohali. Usicheke. Nilikuwa kijana wa sekondari, na mwalimu mmoja aliyehama alikuwa ameniachia darubini yake. Nilisoma kwamba sayari hiyo ina pete, nikaapa nitaipiga picha siku ileile, wakati hata mwezi sijawahi kuuchungulia.

Nyumba za kwetu unazijua, migomba imezizunguka pande zote. Kila nilipoielekeza darubini nilikutana na jani. Nilikuwa nimeshakata majani mawili, sasa panga linainuka kwenye shina lenye mkungu mchanga, ndipo Tata, baba yangu, akanishika mkono. Hakunigombeza kwa kelele. Heri angepiga kelele.

"Mwana wange, kesho tutakula Zohali?"

"Migomba inaificha, Tata."

"Basi nenda rweya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukigusa mgomba mwingine, hicho chombo kinatoka hapa nyumbani."

Niliogopa kweli. Darubini ile ndiyo ilikuwa furaha yangu yote, na Tata hakuwa mtu wa kutishia bure.

Tulikwenda naye rweya, ile nyika ya majani nje ya vibanja, yeye kabeba miguu mitatu ya darubini. Anga lote lilikuwa wazi, na bado Zohali sikuipata. Kwa tamaa niliweka lenzi inayokuza sana, kila nikiigusa darubini, ninachokitazama kinaruka. Tata akachoka kusubiri: "Si uanze na kinachoonekana?" Nikabadili lenzi, nikauelekea mwezi. Mashimo, milima, vivuli vyake. Tata aliinama kuchungulia, kisha akaniita kwa jina langu la utotoni. Picha niliyopiga kwa kamera ya kuazima ilisafishwa studio Kashai ikatoka ukungu mtupu. Sikujali hata kidogo.

Kwa hiyo wewe uliyenunua darubini juzi, achana kwanza na picha za mtandaoni. Tafuta mahali penye anga wazi, mbali na taa za mjini. Anza na mwezi ukiwa nusu, kwa lenzi inayokuza kidogo, na uchungulie siku nyingi bila kamera. Ukifika wakati wa picha, funga simu kwenye kishikizo cha darubini na uiweke ipige yenyewe baada ya sekunde chache, maana mkono wako ndio unaotikisa. Darubini usiielekeze kwenye jua kamwe. Jicho haliuzwi dukani. Haba na haba hujaza kibaba.

Na siku utakapoiona Zohali kwa mara ya kwanza, usikimbilie simu. Mwite mama yako atoke jikoni aje aone, maana picha utapiga hata mwakani. Mungu akupe anga safi, mwanangu, na akuwekee wa kumwita.