Siku Nilipomshusha Mama Mkwe Kutoka Juu ya Avokado

Nimewahi kumshusha mama mkwe wangu kutoka juu ya mti kwa kamba, mchana kweupe, akiwa na sare ya akina mama wa kanisa.

Na wakati huo hata hakuwa mama mkwe. Alikuwa ameapa kwamba hatakuwa.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Ayuma. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni hapa Kakamega, nasomea utunzaji wa miti na mandhari. Ukiwaambia watu hivyo wanauliza kama ni kozi ya kumwagilia maua. Hapana. Tunapanda juu ya miti mirefu kwa kamba na mikanda, tunatoa matawi yanayotaka kuua watu, na tunajifunza kumteremsha mwenzetu akikwama huko juu.

Naipenda hii kazi kupita kiasi. Shida ilikuwa Mama Griffin.

Griffin alikuwa mpenzi wangu, mtu wa Iguhu. Mama yake alishikilia kwamba mwanamke hapandi juu ya mti, akipanda analetea boma mkosi. Hapo huwezi kumbembeleza.

Basi Griffin akaja na akili yake. Kwao kulikuwa na avokado kubwa, tawi moja limelalia mabati.

"Jumamosi mathe ako na mkutano wa kanisa," akasema. "Kuja utoe hilo tawi. Akirudi apate nyumba iko salama, ataona maana ya kozi yako."

Nikakubali. Mapenzi humfanya mtu mjinga.

Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikajifunga kwenye shina. Nilikuwa nimembebea Griffin mikanda yake ya kupandia, lakini alisema yeye atasaidia kwa macho. Nikaitundika kando yangu.

Nilikuwa nimeshalishusha lile tawi polepole, bila kugusa hata bati moja, niliposikia sauti chini.

"Griffin, huyo ni nani?"

Kumbe mkutano uliahirishwa.

"Ni fundi, Mama."

"Fundi gani amesukwa hivyo?"

Nywele zangu zilikuwa zimetoka nje ya helmeti. Nikajua nimekwisha.

"Habari ya mchana, Mama," nikasema kutoka juu.

"Usinisalimie ukiwa hapo. Mimi sina maneno mingi, msichana. Uchague. Miti ama kijana yangu. Hizo zote mbili hazitaingia kwa hii boma."

Niliumia sana. Nilimpenda Griffin, niliipenda kazi yangu, na sikujua ningeishi vipi bila kimojawapo.

Sikupata nafasi ya kujibu. Jenereta alifika.

Jenereta ni fahali wa Mzee Shitanda. Upande wetu mafahali hupiganishwa, na anayeshindwa hutoroka bila kuangalia nyuma. Jenereta alikuwa ameshindwa. Alipita kwenye ua wa Mama Griffin kana kwamba haupo.

Griffin akaingia chooni akajifungia. Mama Griffin akaangalia mlango wa nyumba, akakuta fahali amesimama hapo. Akaangalia ngazi.

Jamani, nimesoma na wanaume wanaojua kupanda, lakini sijawahi kuona mtu akipanda vile. Alinipita bila kuomba njia. Jenereta akaipiga ngazi pembe ikavunjika, akala sukuma wiki yote, kisha akapotelea kwenye miwa.

"Mama, uko sawa?"

"Usiniongeleshe."

Alikuwa amekumbatia shina, macho ameyafumba. Hapo ndipo tukasikia isukuti. Vijana wa Shitanda walikuwa wanakuja na ngoma zao kumtafuta fahali wao.

Mama Griffin akafungua jicho moja.

"Ayuma," akasema. Hakuwa amewahi kulitaja jina langu. "Mimi ni mwenyekiti wa akina mama. Hawa watu wasinipate hapa."

Nikamvisha ile mikanda ya Griffin, nikaifunga kwenye kamba. Chuoni tunafanyia mazoezi gunia la mchanga, na gunia haliombi kwa sauti.

"Kaa kama uko kwa kiti, Mama. Uachilie tawi."

"Siwezi."

"Nimekushika."

Akaachilia.

Alikanyaga chini vijana wakiingia langoni.

"Ng'ombe yenu imemaliza mboga yangu," akawaambia, majani yamejaa kichwani.

Mmoja akamtazama. "Pole, Mama. Na hiyo mikanda?"

"Ni ya mgongo. Daktari ndiye alinipatia."

Wakaenda. Nikashuka, akaniita jikoni. Nilikuwa tayari kuambiwa nisirudi tena.

"Hiyo kozi yako imebakisha nini?"

"Mwaka mmoja, Mama."

"Usiiache."

Machozi yakanilengalenga. Nikaanza kumshukuru, lakini alikuwa anachungulia dirishani kuona kama Griffin anasikia.

"Nikiwa huko juu niliona boma yote ya jirani yetu Mama Mukhwana," akanong'ona. "Ingokho yangu, ile kuku nyekundu yeye aliniambianga imebebwa na mwewe, iko kwake. Inatembea na vifaranga."

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Leta kamba. Nataka nirudi nihesabu vifaranga vyangu."

Tulioana mwaka jana. Ushauri wangu ni huu: mzazi anayepinga kazi yako usimhubirie. Mtafutie njia imfae yeye mwenyewe, hata kama ni ya kupeleleza kuku.