Duara la Majivu Mbele ya Meza

Niliingia uwanjani na ndala zangu, na sijuti. Robo ya nne, binti yangu ana makosa manne, na la tano linamtoa mchezaji nje. Walimu wanaochagua timu ya mkoa wamekaa pembeni na madaftari yao. Filimbi ikalia chini ya kikapu. Aliyemsukuma mwenzake ni namba tisa, kila mtu aliona. Binti yangu, namba nne, alikuwa katikati ya uwanja anafunga kamba ya kiatu.

Refa hakusogea hata hatua moja. Akiwa bado amezingirwa na watoto, akainua vidole vitano mkono mmoja, vinne mkono wa pili. Ule wa vitano ukazibwa na msichana mrefu. Karani mezani akaona vinne, akaandika nne. Binti yangu akatolewa. Mwalimu mmoja akakata jina lake kwa rula.

"Sogea mezani urudie," nikamwambia refa.

"Mama, nimeshatoa ishara."

"Umempa nani? Karani ameona mgongo wa mtoto."

"Kilichoandikwa kimeandikwa, dada. Toka uwanjani."

Nimekuwa mama, nikawa dada, ila kusikilizwa sikusikilizwa.

Kama nawe ulisoma shule ya vumbi, utanielewa. Kwetu Hombolo uwanja ulikuwa udongo mwekundu uliofagiliwa, ringi za nondo juu ya magogo mawili. Mezani alikaa jirani yetu, fundi cherehani. Masikio yake yalikuwa mazito, ukimtaka lazima umguse bega, lakini mwandiko wake uliwashinda walimu. Kwa ajili yake mwalimu wa michezo alichora duara la majivu, hatua chache mbele ya meza. Refa akishapiga filimbi, anyooshe ngumi juu, atoke kwenye kundi, aje asimame ndani ya duara, amtazame fundi usoni, ndipo aonyeshe namba. Fundi naye anamrudishia vidole vilevile. Wakikubaliana, mpira unaendelea.

Majivu hayo niliyabeba mimi. Kila Jumamosi bibi aliyachota jikoni kabla ya kusonga ugali wa uwele, nami nililikumbatia kopo lake tumboni kwa sababu ya baridi ya Juni, yakiwa bado na uvuguvugu. Nilifika shuleni nanuka moshi. Bibi alinung'unika kwamba majivu ya kuhifadhia mbegu zake za kunde tunayamwaga mchezoni, lakini hakuwahi kuninyima. Siku moja mwalimu mwenyewe, akiwa refa, alijisahau akaonyesha namba kutoka mbali. Watoto wote tukaimba, "Majivu! Majivu!" Akarudi mbio akicheka, akasimama duarani, akamwomba fundi radhi. Alikuwa na msemo wake: kosa uliloliona peke yako, bado hujaliona.

Leo uwanja ni wa saruji, refa ana filimbi ya kung'aa shingoni, na kutembea hatua kumi kunamshinda. Magogo ya Hombolo yameliwa na mchwa. Bibi hayupo, fundi hayupo. Mimi hapa mjini napikia gesi. Jikoni kwangu huwezi kupata majivu hata ya kujaza kijiko. Na binti yangu ametupa viatu uvunguni. Anasema hachezi tena mchezo ambao mtu anatolewa kwa kufunga kamba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ile filimbi.

Jumatatu nilipeleka barua kwa kamati ya mashindano, nikasimama pale mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Niliandika hivi:

"Nalalamika kwamba mwamuzi, baada ya kupiga filimbi, hakuja mbele ya meza, na mwanangu, namba nne, akaandikiwa kosa la namba tisa. Naomba daftari la karani lirekebishwe kabla timu ya mkoa haijatangazwa. Naomba pia ichorwe alama mbele ya meza, na mwamuzi asimame hapo kila anapotaja kosa. Kama chokaa hamna, majivu nitayatafuta mimi."