Eulalia, Mlaza Watoto wa Wenzake

Saa moja na nusu usiku. Eulalia Pech anazima taa kubwa, anaacha ndogo moja pembeni, kisha anapita kati ya machela kumi na moja za kulalia, za nyuzi, zinazoning'inia ukuta kwa ukuta. Kila mtoto anamkanda nyayo kwa mafuta ya nazi. Hana haraka.

"Bibi, mimi sina usingizi," analalamika msichana mmoja.

"Nani kakwambia ulale? Wewe jinyooshe tu. Usingizi ukija, mwambie mimi sipo."

Vicheko vya chini kwa chini vinasikika, kisha vinafifia.

Hii ni nyumba ya kulelea watoto mjini Valladolid, jimbo la Yucatán, Mexico. Mama zao husafisha vyumba katika hoteli za pwani. Huondoka Jumatatu alfajiri, hurudi Ijumaa. Eulalia, mwenye umri wa miaka 58, ana mwaka wa tisa akiwalaza, kwa peso elfu mbili kwa wiki.

Hapa televisheni huzimwa jua likiwa bado halijazama. Maharage meusi na chapati za mahindi huliwa mapema, matumbo yatulie. Baadaye ni maji ya vuguvugu, halafu hadithi ileile ya sungura na mbweha.

"Nikibadilisha neno, wananisahihisha," anasema. "Mtoto akijua kinachofuata, hofu inamtoka."

Mtihani ulikuja Machi, alipoletwa Neydi, wa miaka minne. Taa ikizimwa tu, alipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Casilda, mpishi wa nyumba hiyo, akachoka.

"Muache alie, dada. Akichoka atalala."

"Atalala, ndiyo. Lakini atalala akiwa amekata tamaa."

Eulalia akavuta kigoda, akakaa kando ya Neydi, mkono kwenye kamba ya machela. Usiku wa nne akamwambia, "Naenda jikoni. Nahesabu hadi ishirini, unanisikia, halafu narudi." Akahesabu kwa sauti. Akarudi. Kesho yake akahesabu hadi thelathini. Wiki ya tatu alifika mia moja, na aliporudi akamkuta Neydi amelala fofofo, kinywa wazi.

Ijumaa hiyo mama yake, Rosenda, alisimuliwa, akatokwa na machozi. "Kwangu hajawahi kulala hivyo. Nikiondoka, nanyata kama mwizi."

"Usinyate, mwanangu," Eulalia alimjibu. "Mwamshe umuage, hata akilia."

Alipomaliza kusema hivyo, anakumbuka, ilibidi atoke nje.

Kwa miaka kumi na nne yeye naye alitandika vitanda vya wageni hotelini. Binti yake, Imelda, alibaki kwa mama mkwe. Kila Jumatatu Eulalia aliondoka kimyakimya mtoto akiwa usingizini, ili asimwone mtoto akilia.

"Mama mkwe aliniambia Imelda ameanza kukataa kulala," anasema, akitazama viganja vyake. "Alijua akifumba macho, akiyafumbua mimi sipo. Nimewalaza wa watu wangapi! Wangu nilimnyang'anya usingizi."

Imelda sasa ana miaka 31, anaishi Monterrey, mbali sana kaskazini. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka miwili. Agosti, simu ikalia.

"Mama, nina mtoto. Ana miezi saba na halali. Wewe unawafanyaje hao watoto?"

Eulalia akaeleza yote: taa, maji, mafuta, hadithi, kurudi unapoahidi kurudi.

Halafu Imelda akauliza, "Na mimi, ulinifanyia hayo?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa natoroka. Nisamehe."

Imelda hakukata simu. Eulalia akakaa akisikiliza pumzi za mtoto asiyemjua hata sura.

Tangu siku hiyo huzungumza kila Jumapili, si kwa muda mrefu. Mjukuu anaitwa Aurelio na siku hizi hulala hadi saa kumi alfajiri. Desemba Eulalia anataka kupanda basi, safari ya siku mbili. Imelda hajasema njoo. Amesema, "Tutaona, mama."

"Hiyo 'tutaona' inanitosha kufungia mzigo," Eulalia anasema. "Nikifika, nitamlaza mjukuu kwanza. Halafu mama yake, akiniruhusu, nitakaa kando yake mpaka alale. Na asubuhi akifumbua macho, anikute."