Maganda Hamsini na Oveni Inayojisafisha

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu siku hiyo sijaacha kuuliza maswali. Ndiyo maana nilipokuwa Louisville, nikipakia vifurushi ghalani, kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwenye karakana ya jirani yangu, mzee wa Kimarekani, fundi bomba mstaafu, tumeinamia meza tukichambua maganda ya risasi kama watu wanaochambua mchele.

Nilikuwa nimemwona barazani na bakuli la vitu vya rangi ya dhahabu, nikamuuliza anapika nini. Akanieleza. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki, na mtu mwenye subira anaweza kulijaza upya akaipiga tena. Yeye alikuwa mtu wa mashindano ya shabaha. Kila mwaka alikwenda kwenye klabu moja karibu na Buffalo, alikozaliwa, akapiga risasi hamsini kwenye karatasi iliyo mbali kiasi cha kuhitaji darubini. Miaka thelathini, aliniambia, hakuwahi kupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Sasa mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika jicho la kulia, la kulengea, na alikuwa ameamua kwamba mashindano ya mwaka ule ndiyo yatakuwa ya mwisho. Alihitaji macho ya kuchagulia maganda. Yangu yalikuwa hayana kazi Jumapili.

Kuchagua ganda ni kazi ya kukataa. Kwanza unatazama kitako, penye muhuri wa kiwanda. Ya kiwanda kimoja yanakaa pamoja, wageni wanatoka. Halafu unapinda ncha ya waya mwembamba, unauingiza ndani na kupapasa ukuta juu kidogo ya kitako. Waya ukinasa mahali, ganda limeanza kukatika, tupa. Shingo ikiwa na ufa kama unywele, tupa. Linalobaki unalipima urefu, halafu uzito kwenye mizani ndogo kuliko sahani ya kikombe, na likiwazidi wenzake kwa kitu ambacho hata nzi asingekihisi mgongoni, nalo tupa.

"Hili lina kosa gani?" niliuliza mara moja, nimeshika ganda zuri kabisa.

"Halina kosa," alisema mzee. "Halifanani tu."

Jambo moja alilirudia mara tatu, kila mara amenishika mkono: shingo ya ganda iwe laini, kitako kiwe kigumu. Shaba ikipata joto kali hulainika, na kitako kikilainika hakiwezi kuuzuia moto wa baruti, na moto huo utarudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji. Mara zote tatu niliitikia kwa kichwa.

Majira ya kuchipua mwaka 2015 alihamia Kenmore, kando ya Buffalo, nyumbani kwa binti yake. Mwezi huohuo miguu yangu ilianza kuniwasha, kama inavyoniwasha kila ninapoanza kuzoea njia ya kwenda kazini, nikahamia Columbus. Mzee aliniachia ndoo nzima. Nichague hamsini, niyasafishe, nimpelekee kabla ya mashindano. Fataki, zile za kuwashia baruti, na baruti yenyewe angeweka mwenyewe.

Columbus nilipanga chumba kule Hilliard, kwa mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, mhudumu wa wazee na kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani. Siku ya tatu alifagia chumba changu bila kuulizwa akaikuta ndoo.

"Papa, hii ni nini?"

"Maganda ya risasi, mama. Matupu, hayana kitu." Nilikwisha kuanza kutafuta maneno ya kumtuliza, maana nilijua alivyokimbia vita kwao.

"Minaona ni maganda. Nilitembea juu yake kilometa mingi. Minauliza, juu ya nini iko michafu?" Kwao "juu ya nini" ni "kwa nini".

Nilimaliza kuchagua ndani ya wiki tatu. Yaliyokataliwa niliyapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hamsini niliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya friji, nikamwambia mama nitayasafisha nikipata siku ya mapumziko. Kwa mama huyo, kitu kichafu kinachongoja siku ya mapumziko ni tusi.

Jumamosi, siku tano kabla ya mashindano, nilitoka shifti saa tisa mchana nikakuta kwaya nzima, wanawake watano, wameketi jikoni wakiikabili oveni na kuimba. Juu ya meza palikuwa na maganda ya limau, jivu la jiko la mkaa na stilwaya tatu zilizochakaa. Kopo la maziwa lilikuwa tupu.

"Karibu, papa. Tumekusaidia."

"Yako wapi?"

Mama alielekeza kidole kwenye oveni. "Bon, tulisugua na limau, tukasugua na jivu. Inje iko safi. Lakini ndani? Kidole haingii. Donc nikawaza, hii oveni inajisafisha yenyewe. Mafuta yote ya Noeli iliyageuza vumbi. Itashindwa na tubitu tudogo hivi?"

Mtu ambaye hajawahi kuwa na oveni ya namna hiyo ajue kwamba ukibonyeza kitufe chake cha kujisafisha, mlango hujifunga wenyewe na ndani huwaka joto la kuchoma uchafu hadi uwe majivu. Haifunguki hadi imalize na kupoa. Niliushika mpini nikavuta.

"Usivute, utaivunja," alisema mama. "Imebaki saa moja na nusu."

"Mama, kitako kinatakiwa kiwe kigumu!"

Wanawake walitazamana.

"Analia juu ya maganda kama mutu amefiwa," alisema mmoja.

"Mwache, hana bibi," alisema mwingine. "Mwanaume bila bibi anapenda byuma."

"Na sisi samaki yetu ya sambaza inangojea kuingia oveni, hatulie."

Hapo kengele ya moshi ililia. Mama mwenye sauti ya kwanza aliisikiliza kidogo, akasema iko juu kuliko noti waliyokuwa nayo, na kwa kweli ni nzuri zaidi. Wakaanza wimbo upya kwa kuifuata kengele. Mimi nilisimama kwenye kiti nikipepea taulo, nikizitazama namba za oveni zikihesabu dakika, na sikumbuki kama niliwahi kuhisi ujinga wangu kwa utimilifu kiasi kile.

Mlango ulipojifungua walipiga vigelegele. Maganda yalikuwa yamepangwa wima kwenye trei ya keki, moja kwa kila tundu na mengine yakibanana pembeni, yana rangi ya zambarau na kijani kama shingo ya njiwa. Sijaona maganda mazuri vile tena. Nililichukua moja, nikalibana kitako kwa koleo, nikiomba ligome. Likabonyea kama karanga mbichi.

Nilimpigia mzee simu palepale. Akapokea kwa furaha, akaniwahi: "Vipi, yamesafishwa?"

"Yamesafishwa," nikasema. Halafu nikasema basi langu litafika lini.

Safari nzima ya kwenda Buffalo nilitunga namna tisa za kusema. Zote zilianza vizuri, na zote zilipofika kwenye neno oveni zilianguka. Sikuwa na hofu ya kufokewa. Nilikuwa na hofu ya jicho lake, kwamba hataziona hizo rangi, na kwamba nikikawia hata kwa ustaarabu wa kunywa kahawa kwanza, atayajaza.

Na ndivyo ilivyokaribia kuwa. Binti yake alinifungulia mlango, na mzee alikuwa amekwisha kutandika taulo mezani, fataki ziko kwenye kisahani. Alilipokea kopo, akamwaga, akaanza kuyapapasa kwa vidole gumba.

"Laini! Umetumia nini?"

"Limau na jivu. Mzee..."

"Jivu! Sijawahi kufikiria jivu." Alikwisha kuchukua la kwanza na kulisimamisha chini ya mtambo wake wa kubana.

"Mzee, yamepikwa."

Mkono wake ulisimama juu ya wenzo. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, bila hata moja ya zile namna tisa: kwaya, limau, kitufe, mlango, kengele, saa tatu nzima za moto. Binti yake aliacha kukoroga kahawa. Mzee alitafuta koleo, akalibana ganda, akalisogeza karibu kabisa na jicho lake zima.

"Joto la kadiri gani?" aliuliza.

"Sijui. Lile la kugeuza mafuta kuwa vumbi."

"Na mlango ulikataa kufunguka?"

"Nilivuta sana."

Aliyarudisha maganda koponi moja moja, akafunga kifuniko. Klabu walipopigiwa simu na binti yake walisema watamwazima risasi za dukani. Akakataa. Alisema hakukaa miaka yote ile ili amalizie kwa kitu cha kufungua kwenye boksi.

Siku ya mashindano alivaa koti lake la shabaha hata hivyo, akaniambia tutakwenda. Tulikaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya mstari, na bunduki yake ikabaki nyumbani. Wenzake walikuja mmoja mmoja kumuuliza kwa nini hapigi. Kila mara alininyooshea mkono kama anayemkaribisha shahidi mahakamani, nami nikasimulia. Mara ya nne nilianza kuimba kipande cha wimbo, maana waliniuliza. Mtu mmoja aliandika kiasi cha limau kwenye kiganja chake. Mwingine alitaka kujua kama kwaya hiyo hualikwa.

Mara ya sita, kabla sijafungua kinywa, mzee alinigusa goti ninyamaze.

"Nitasema mimi," alisema, akasogeza kiti mbele. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Mlango wa oveni alioueleza yeye ulikuwa wa chuma kizito kama wa benki, moshi ulifika barabarani, na kwaya ilikuwa na wanawake arobaini, wote wamevaa kanzu nyeupe.

Sikumsahihisha.